Uso Si Sufuria

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika nyumba zetu, iko moja ambayo ni nadra kumsikia mtu akiihoji, nayo ni imani kwamba chunusi ni uchafu. Mwenye chunusi, kwa imani hiyo, ni mtu ambaye hajanawa vya kutosha. Dawa yake basi ni kunawa zaidi, kwa sabuni kali zaidi na kwa dodoki gumu zaidi, mpaka uso utakate kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu na mchanga. Mimi naipinga imani hiyo. Naipinga kwa sababu ni ya uongo, naipinga kwa sababu ni ya kikatili, na zaidi ya yote naipinga kwa sababu ndiyo iliyowafungulia mlango wauza krimu wanaowaharibu watoto wetu nyuso.

Najua wako watakaosema: nchi ina shida ya maji, ada za shule na bei ya unga, nawe unatuletea habari za vipele? Ndiyo, nawaletea habari za vipele. Mwulizeni msichana wa miaka 15 anayejibu swali la mwalimu huku kiganja kimefunika shavu. Mwulizeni kijana anayekaa nyumbani siku ya harusi ya kaka yake kwa kuogopa picha. Uso ndio kitu ambacho mtu hukitanguliza kabla hajataja jina lake. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na walisema kweli. Lakini haya ya kuumbwa nayo ni jambo moja, na aibu ya kubandikwa na watu ni jambo jingine kabisa. Ya kwanza ni heshima ya mtu. Ya pili ni dhuluma.

Tena dhuluma yenyewe ina sauti nyingi. Mmoja atasema, "Punguza karanga, mwanangu." Wa pili atacheka, "Huyo anataka mume." Wa tatu, aliye mpole kuliko wote, atauliza, "Kwani huwa unaoga?" Na yote haya husemwa mbele ya watu, kana kwamba mwenye chunusi ni ubao wa matangazo ambao kila apitaye ana ruhusa ya kuusoma kwa sauti.

Katika shule ya bweni niliyosoma, matroni wetu alikuwa na desturi ya kutupanga mstari kila Jumamosi asubuhi kwa ukaguzi wa usafi. Kucha, nywele, shuka, halafu uso. Aliyekutwa na chunusi alipewa kipande cha mche wa sabuni na dodoki, akaamriwa ajisugue bombani mbele ya wenzake mpaka matroni aridhike. Nami nilikuwamo katika mstari huo. Nakumbuka jinsi ngozi ilivyokuwa ikivuta baada ya hapo, mtu asiweze hata kucheka sawasawa, na jinsi jasho la mchakamchaka lilivyochoma kama chumvi kwenye kidonda. Miaka yote ile sikumwona hata mmoja aliyepona kwa dodoki. Waliopona, waliponywa na umri.

Hebu basi tuitazame chunusi yenyewe, kwani si haki kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hujalijua. Chini ya ngozi ya uso, kando ya kila kinyweleo, kuna tezi ndogo inayotengeneza mafuta. Mafuta hayo si adui. Ndiyo yanayoizuia ngozi isikauke na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mtoto anapobalehe, homoni huziamuru tezi hizo ziongeze kazi. Wakati huohuo, chembe za ngozi iliyokufa, badala ya kupukutika kama ilivyo kawaida, hunatana na kuziba tundu la kinyweleo. Mafuta yakakosa njia. Humo ndani anaishi bakteria ambaye wataalamu humwita Cutibacterium acnes, jina alilopewa mwaka 2016 baada ya lile la zamani kubadilishwa. Bakteria huyu yumo katika ngozi ya kila mtu, aliyenawa na asiyenawa, mwenye chunusi na asiye nazo. Palipoziba huzaliana, mwili ukapambana naye, na hapo penye mapambano ndipo panapovimba, pakauma na kutunga usaha.

Hiyo ndiyo chunusi. Sasa nitafutie, ndugu msomaji, mahali ambapo uchafu wa mtaani umeingia katika habari hii. Hutapaona. Hata ule weusi unaoonekana katika vitundu vya pua si vumbi la barabarani. Ni rangi ileile ya ngozi yetu, pamoja na mafuta yaliyogeuka rangi baada ya kukutana na hewa. Unaweza kuusugua mpaka dodoki liishe, nao utabaki ulipo, kwa sababu haukuingia kutoka nje.

Na huku kusugua kwenyewe kunafanya nini? Ngozi ya uso ina uchachu kidogo. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Kijerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliandika juu ya utando huo mchachu unaoifunika ngozi, na vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba pH yake huwa karibu na 5. Sabuni ya kipande ya kawaida, iwe ya kufulia au ya kuogea yenye marashi, hutengenezwa kwa kuunganisha mafuta na magadi makali, na pH yake kwa desturi ni 9 hadi 10. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni tofauti ya mara 10. Kwa hiyo kutoka 5 hadi 9 si hatua nne za kutembea. Ni tofauti ya mara 10,000. Ngozi yenye afya huoshwa kwa sabuni hiyo ikajirudi baada ya saa chache. Lakini ngozi iliyokwisha kuvimba, ukiiosha hivyo mara tano kwa siku na kuikwaruza juu yake, unaibomolea ukuta wakati adui yumo ndani.

Tena msuguano wenyewe ni chanzo cha chunusi. Waangalie waendesha bodaboda: ukanda wa kofia unaposugua kidevu kutwa nzima, mara nyingi vipele huota palepale ukanda unapopita. Yule matroni wetu, kwa hiyo, hakuwa akitibu. Alikuwa akipalilia.

Hapa ndipo wengine hunijibu kwa methali: dawa ya moto ni moto. Methali hiyo ina mahali pake, lakini si usoni. Anayetaka kushindana na ngozi yake ajue kwamba hiyo ndiyo ngozi aliyo nayo, na hakuna ya akiba kabatini. Methali inayofaa hapa ni nyingine: mkamia maji hayanywi.

Watu waliochoshwa na ukali wa sabuni siku hizi wamekimbilia upande wa pili, yaani upande wa "asili". Kila duka la vipodozi lina rafu nzima ya vitu vya mimea: mshubiri, manjano, mwarobaini, chai ya kijani, tango. Nami, nikiwa mtu mzima ambaye chunusi bado hazijaniaga, niliamua kuijaribu mojawapo ya sabuni hizo za maji, ile iliyoandikwa kwamba ni laini, imetokana na mimea, na inafaa ngozi yenye chunusi. Nilitaka kuijua, si kuiabudu.

Kijana aliyeniuzia alikuwa na adabu na maneno mengi. "Dada, chukua hii," aliniambia. "Ni mimea tupu, haina madhara kabisa. Siku saba tu, uso unakuwa kama wa mtoto."

Nikamwuliza, "Upupu nao si mmea, mdogo wangu?"

Akacheka. Lakini swali langu halikuwa la mzaha, na sasa naliuliza mbele ya kila msomaji. Upupu ni mmea, na aliyewahi kuupitia porini hahitaji kuelezwa. Mnyaa ni mmea, na utomvu wake ukiingia jichoni ni msiba. Korosho ni mmea, na akina mama wa Mtwara wanaobangua kwa mikono wanajua mafuta ya ganda lake yanavyobabua vidole. Mhogo mchungu ni mmea, na familia nzima zimeangamia kwa kuula bila kuutayarisha. Asili haijawahi kutuahidi upole. Ni muuzaji anayeahidi kwa niaba yake.

Nenda mbele zaidi kidogo. Hata ule mche wa sabuni wa bwenini, uliotuchubua nyuso, kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, au ya nazi, au mchanganyiko wa mafuta pamoja na shahamu. Sabuni nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Sisi wa Tanga, tuliokulia chini ya minazi, tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kutokana na mafuta ya nazi viwanda hutengeneza kitu kiitwacho sodiamu laurili salfeti, chenye povu jingi, ambacho watafiti wa ngozi hukipaka makusudi kwenye ngozi ya watu wanaojitolea wanapotaka kuiwasha ili waipime. Na kutokana na mafuta hayohayo ya nazi, yakiunganishwa na sukari ya mahindi, hutengenezwa kitu kiitwacho desili glukosidi, chenye povu dogo, ambacho ni kimojawapo cha vitu laini vya kuoshea ngozi. Mnazi ni uleule. Mmoja wa watoto wake ni mkali, mwingine ni mpole. Sasa chupa inapokuambia "imetokana na nazi", imekuambia nini? Haijakuambia kitu. Imekutajia ukoo, ikakuficha tabia.

Sabuni niliyoinunua ilikuwa na huyo mtoto mpole. Nililisoma jina lake katika orodha ya viungo iliyochapwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwa lugha ambayo wengi wa wateja wa duka lile hawaisomi. Kulikuwamo pia gliserini na utomvu wa mshubiri. Hakukuwamo marashi. Hayo ndiyo yaliyonifanya niinunue, wala si picha ya jani iliyochorwa mbele.

Niliitumia kwa wiki 8, si siku 7. Ngozi huchukua kiasi cha mwezi mmoja kujifanya upya, na kizibo kinachokuja kuwa chunusi huanza wiki nyingi kabla jicho halijakiona. Chunusi itakayotokea Ijumaa ijayo imekwisha kuanza safari yake. Kwa hiyo anayeahidi siku saba, ama hajui chunusi ni nini, au anajua na anakudanganya. Na sioni ni lipi lililo bora kati ya hayo mawili.

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Asubuhi na jioni, basi. Maji ya kawaida, si ya moto. Sabuni kiasi cha punje ya hindi kiganjani, vidole vitupu, nusu dakika, kisha kusuuza vizuri na kukausha kwa kugusagusa na kanga safi. Sikubadilisha kitu kingine chochote, wala chakula wala mafuta ya kujipaka, ili nisije nikaisifu sabuni kwa kazi iliyofanywa na kingine. Kila Jumapili nilisimama mbele ya kioo na daftari nikahesabu chunusi mpya. Wiki ya kwanza zilikuwa 11. Wiki ya nne zilikuwa 10. Wiki ya nane zilikuwa 7.

Hayo ndiyo matokeo, nami siyaongezi chumvi. Kule kuvuta kwa ngozi baada ya kunawa kulikoma ndani ya siku chache. Wekundu na kuwasha pembeni mwa pua vilipungua. Chunusi zilipungua kiasi, hazikuisha. Madoa ya zamani yalibaki palepale yalipokuwa. Sabuni ile haikuniponya. Kazi yake ilikuwa kunisafisha bila kunijeruhi, na hiyo iliifanya. Kitu cha kuoshea hukaa usoni nusu dakika, halafu kinakwenda na maji. Kukidai kiponye ugonjwa ulio chini ya ngozi ni kama kumdai mfagia uwanja aizibe paa inayovuja.

Naomba nieleweke hapa. Sina ugomvi na mimea, wala na bibi zetu. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe la msio ikakorogwa na maji ya waridi hupakwa kwa mkono mtulivu, bila haraka, na atakayesema mikono ile haikujua kazi yake hakuiona. Ugomvi wangu ni na yule anayechukua heshima ya bibi akaibandika juu ya chupa ambayo bibi hakuijua. Tena ni na yule anayetoa ushauri wa jikoni bila kuuliza. Ndimu na limau ni mimea, na uchachu wake ni karibu na pH ya 2. Maji ya ndimu yakipakwa usoni na mtu akatoka juani, yanaweza kumwunguza na kumwachia doa jeusi la miezi. Mafuta ya karafuu yasiyopunguzwa makali huichoma ngozi. Mafuta ya nazi, ambayo nywele huyashukuru, kwa uso wenye chunusi mara nyingi huongeza kuziba. Na mwarobaini wenyewe, tuliousifu kwa magonjwa arobaini, haujawahi kupimwa kwa sifa. Unapaswa kupimwa kwa kipimo.

Kupimwa kunawezekana. Huko Australia kuna mti uitwao kitaalamu Melaleuca alternifolia, ambao mafuta yake huuzwa siku hizi hata huku kwetu. Mwaka 1990 watafiti wa nchi hiyo walichapisha matokeo ya kuyalinganisha mafuta hayo, kwa kiwango cha asilimia 5, na dawa ya kawaida ya chunusi iitwayo benzoili peroksidi, nayo ya asilimia 5, kwa wagonjwa 124. Vyote viwili vilipunguza chunusi. Mafuta ya mti yalichelewa kuleta nafuu, lakini yaliiudhi ngozi kidogo kuliko dawa. Hivyo ndivyo mmea unavyopata heshima yake: kwa kiwango kinachojulikana, mbele ya mashahidi, na kwa kukubali kuambiwa ulipopungukiwa. Jani lililochorwa kwenye chupa halijapita mtihani wowote.

Sasa nafika mahali panapouma. Ngozi yetu nyeusi ina tabia moja: kila palipovimba huacha doa, na doa hilo hukaa miezi baada ya chunusi kwisha. Kila unapokwaruza, unapokamua, unapotia sabuni kali, unazidisha uvimbe, na kila uvimbe unaozidi ni doa linalozidi. Basi msichana aliyeanza na chunusi tano, baada ya mwaka mmoja wa kusuguliwa, ana chunusi kumi na madoa arobaini. Hapo ndipo anapokutana na mtu wa krimu. Lugha yetu ina jini wa majini anayewavuta waogeleaji chini mpaka wakafa, naye pia huitwa chunusi. Kila nikipita mbele ya vibanda vya mkorogo humkumbuka jini huyo.

Krimu "ya kuondoa madoa" kwa kweli huondoa, mwanzoni. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali, au vyote pamoja vilivyokorogwa ndooni na mtu asiyejua vipimo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi ikawa na weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo. Steroidi huikonda ngozi mpaka mishipa ikaonekana, na tena, sikiliza vizuri, steroidi huleta chunusi. Msichana akiacha, uso unawaka. Akiendelea, unaoza polepole. Muuzaji amejipatia mteja wa maisha. Namfahamu binti mmoja, hana hata miaka 20, ambaye hawezi kusimama juani dakika kumi bila kulia kwa maumivu. Alianza na vipele vitatu kwenye paji la uso, na shangazi aliyemwambia, "Jisugue, wewe, umezidi uchafu."

Serikali zetu zimekwisha kuvipiga marufuku vitu hivyo katika vipodozi, na Mkataba wa Minamata, ulioafikiwa mwaka 2013, unataka vipodozi vyenye zebaki vikomeshwe duniani kote. Hayo ni mema. Lakini marufuku hukamata kopo lililo sokoni; hayakamati ulimi ulio nyumbani. Njia inayomfikisha mtoto kwenye mkorogo ina vituo vyake, na kituo cha kwanza ni pale mtu mzima anapomwambia kwamba uso wake ni mchafu. Tukikivunja kituo hicho, wauzaji watakosa wateja kabla polisi hawajafika.

Kwa hiyo nasema na watu wa aina tatu.

Nasema kwanza na wazazi, walimu na matroni. Acheni kumwaibisha mtoto kwa jambo ambalo mwili wake umelifanya bila kumwomba ruhusa. Mwelezeni chunusi ni nini. Mwambieni anawe uso mara mbili kwa siku na baada ya kutoka jasho, kwa vidole, asikwaruze wala asikamue. Msiache kumwambia kwamba yeye si mchafu. Maneno hayo hayauzwi, na hakuna sabuni inayoweza kuyasema badala yenu.

Nasema pili na wanaotengeneza na kuuza. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi Tanzania imehamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Ningependa kuliona neno "asili" likitakiwa kuthibitishwa au kufutwa. Ningependa viungo viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama mwenye miwani ya kuazima anaweza kuzisoma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa yenu ikiwa nzuri, itueleze imetengenezwaje na ukali wake ni kiasi gani, iache kutuchorea majani.

Nasema tatu na wewe mwenye chunusi. Wapo watakaosema kwamba sabuni laini ni anasa ya wenye fedha, na ni kweli kwamba bei ya chupa yangu ingenunua vipande vya sabuni vya kutosha nyumba kwa miezi. Lakini upole mwingi haukai ndani ya chupa, unakaa mkononi. Mwenye sabuni ya kuogea ya kawaida, akaitumia kidogo, akaisuuza vizuri, akaacha dodoki kwa ajili ya miguu, amepata sehemu kubwa ya nilichokipata mimi. Na chunusi zikiwa nyingi, zikiuma, zikiacha mashimo, usipoteze fedha kwa sabuni ya aina yoyote, kali wala pole. Huo ni ugonjwa, nao una dawa. Iko benzoili peroksidi, ziko dawa za jamii ya vitamini A, ambazo mjamzito hapaswi kuzitumia, na viko vidonge ambavyo daktari peke yake ndiye wa kuviandika. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahudumu waliosomea hapo wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Mwulize daktari wa wilaya yako kama yuko mmoja karibu. Kwenda kwake si kujidekeza, kama vile mwenye jino bovu hajidekezi anapokwenda kung'olewa.

Najua neno langu halitazima sauti za mitaani kwa siku moja. Kesho asubuhi, bombani, yuko mtoto atakayekabidhiwa dodoki. Ombi langu ni kwamba atakayekuwa amesimama karibu naye amnyang'anye. Sufuria husuguliwa kwa sababu haisikii maumivu, na ikitoboka tunanunua nyingine. Mtoto yule anasikia, na uso alio nao ni huo mmoja.